Wasomaji Wanauliza: Irving Thalberg, Mkuu wa Studio Aliyekataa Kuandikwa

Katika toleo moja lililopita tulichapisha habari fupi ya Barbara Broccoli na Michael G. Wilson, waliokuwa watayarishaji wa filamu za James Bond, ambao mwezi Novemba 2024 walipewa Tuzo ya Kumbukumbu ya Irving G. Thalberg, ile ambayo watoaji wa Oscar huwapa watayarishaji wa filamu. Tulitarajia barua kuhusu Bond. Badala yake, barua nyingi tulizopokea zinamuulizia huyo mwenye jina la tuzo, na kwa kuwa maswali yanafuatana kama shanga katika uzi mmoja, safari hii ukurasa mzima tumempa yeye.

SWALI: Mhariri, huyo Thalberg alikuwa nani? Tangu enzi za kanda za video nimekuwa nikitazama filamu za zamani za Hollywood na kusoma majina yote yanayopita mwanzoni, lakini jina lake sijaliona hata mara moja. — Msomaji wa Dodoma

JIBU: Hujaliona kwa sababu halipo. Irving Thalberg alisimamia utengenezaji wa mamia ya filamu, na kwa muda wote alioishi hakuruhusu jina lake liandikwe kwenye skrini kama mtayarishaji, akiamini kwamba sifa anayojipa mtu mwenyewe haina thamani. Wenzake wa wakati ule waliligombania jina kwenye skrini kama watu wanavyogombania mpaka wa shamba.

Alizaliwa tarehe 30 Mei 1899 katika mtaa wa Brooklyn, New York, kwa wazazi Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Alizaliwa na kasoro ya moyo, na madaktari waliwaambia wazazi wake kwamba akifika miaka 20 washukuru, na kwamba miaka 30 ndiyo ingekuwa kikomo. Alipokuwa na umri wa miaka 17 homa ya baridi yabisi ilimlaza kitandani kwa muda mrefu, na mama yake, Henrietta, akawa anamletea vitabu: riwaya, tamthilia, falsafa. Chuo kikuu hakwenda. Alijifunza kupiga taipu na hatimkato, akapata kazi katika ofisi ya New York ya kampuni ya Universal, na baada ya muda mfupi akawa katibu wa mwenye kampuni, Carl Laemmle.

Laemmle alimchukua hadi California kwenye studio ya Universal City, mahali palipokuwa na vurugu ya mameneja wengi, kila mmoja akiamuru lake. Kijana alimweleza tajiri wake kwamba studio ile ilihitaji mtu mmoja wa kuwajibika kwa shughuli za kila siku, na tajiri akamjibu kwamba mtu huyo ni yeye. Alikuwa na umri wa miaka 20. Aliweza kuamua ni filamu gani itengenezwe na ipi isimamishwe, lakini hundi za kulipia maamuzi hayo hakuweza kuzitia saini, kwa kuwa sheria ilimhesabu bado mtoto hadi atimize miaka 21.

Mwaka 1923 alihamia katika kampuni ndogo ya Louis B. Mayer, na mwaka 1924 kampuni hiyo iliunganishwa na Metro na Goldwyn ikazaliwa Metro-Goldwyn-Mayer, MGM, ile yenye nembo ya simba anayenguruma ambayo nadhani hakuna msomaji wetu asiyeijua. Mayer akawa mkuu wa studio nzima iliyoko Culver City, na Thalberg, akiwa na miaka 24, akawa msimamizi wa filamu zote zilizotengenezwa pale.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho. Darasani tunafundishwa kazi ya mwongozaji, ya mpiga picha, ya mhariri wa picha na ya mwandishi wa mswada, lakini mkuu wa studio hatajwi. Je, huyu alikuwa mtu wa kutoa fedha tu, au alikuwa na kazi nyingine? — Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Fedha hazikuwa zake wala hazikuwa za Mayer. MGM ilikuwa mali ya Loew's, kampuni ya New York iliyomiliki mlolongo wa majumba ya sinema, ikiongozwa na Marcus Loew na, baada ya kifo chake mwaka 1927, na Nicholas Schenck. Majumba yale yalitaka picha mpya bila kukoma, kwa hiyo Culver City ilitakiwa kutoa karibu filamu moja kila wiki. Mayer alishughulika na mikataba, na siasa, na machozi ya waigizaji. Thalberg alishughulika na hadithi.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye kununua riwaya au tamthilia. Kisha alimkabidhi mwandishi wa kwanza, na asiporidhika alimkabidhi wa pili na wa tatu, wakati mwingine bila mmoja kujua kwamba mwenzake naye anaandika kitu kile kile, jambo ambalo waandishi walilichukia na mimi siwalaumu. Aliwaita ofisini kwenye kikao cha hadithi, akatembea huku na huku akirusha sarafu juu na kuidaka, akiuliza mhusika huyu anataka nini, kwa nini mwanamke huyu anamrudia mume wake, kwa nini mtazamaji ajali. Alikuwa na uwezo wa kubeba miswada mingi kichwani kwa wakati mmoja, akatoka kwenye kikao cha vichekesho akaingia kwenye kikao cha mkasa wa mapenzi bila kuchanganya majina. Mwongozaji mara nyingi aliingia baadaye kabisa, akapewa mswada uliokwisha kuiva pamoja na waigizaji waliokwisha kuchaguliwa.

Kumwona haikuwa rahisi. Watu wenye majina makubwa walikaa nje ya mlango wake kwa saa nyingi, pengine kwa siku nzima. Ndugu watatu wa Marx, wachekeshaji maarufu, walichoka kungoja. Siku moja aliwaacha ofisini akatoka kidogo, na kidogo hicho kikawa kirefu. Aliporudi aliwakuta wamevua nguo zote, wamechuchumaa mbele ya moto wa ofisi yake wakichoma viazi. Alicheka, akapiga simu jikoni akaagiza siagi. Tangu siku hiyo hakuwaweka tena.

Sehemu ambayo mimi naiona kuwa ndiyo kiini cha kazi yake ilikuja wakati wengine walidhani filamu imekwisha. Studio ilichukua nakala ya filamu mpya, ikaipeleka kwa treni ya umeme hadi mji mdogo nje ya Los Angeles, Thalberg na wasaidizi wake wakipiga karata njiani, ikaonyeshwa bila kutangazwa mbele ya watu waliokuja kutazama picha nyingine. Watu walipewa kadi waandike maoni yao. Yeye alikaa gizani akisikiliza: walicheka wapi, walikohoa wapi, viti vilianza kulia wapi. Waliowahi kukaa kwenye kibanda umiza wanaelewa jambo hili bila kufundishwa, kwa sababu mwenye kibanda anajua kwa masikio tu kwamba steringi amechelewa kutokea. Kwenye safari ya kurudi walikuwa tayari wanaamua matukio gani yapigwe upya, na bajeti ya MGM ilitenga fedha za kupiga upya tangu mwanzo, wakati studio nyingine ziliona jambo hilo kuwa aibu au hasara. Wenye utani wa Hollywood wakaiita Culver City bonde la kurudia.

Mfano wa karibu ni The Big Parade ya mwaka 1925, filamu bubu ya King Vidor kuhusu askari wa Kimarekani katika Vita Kuu ya Kwanza. Vidor aliimaliza kama hadithi ya kiasi kuhusu kijana mmoja na mapenzi yake Ufaransa. Thalberg alipoitazama aliona kwamba ndani ya filamu ile ndogo kuna filamu kubwa inayosubiri kutolewa, akaidhinisha fedha zaidi, yakaongezwa mapigano ya usiku yaliyopigwa na mwongozaji mwingine, George Hill. Picha hiyo ilikaa katika ukumbi mmoja wa New York, Astor, kwa karibu miaka miwili, na ikawa miongoni mwa filamu bubu zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote.

Na wale wachoma viazi? Kwa filamu yao ya mwaka 1935, A Night at the Opera, Thalberg aliwapeleka kwanza jukwaani katika miji kadhaa ya magharibi mwa Marekani, waigize vichekesho vyao mbele ya watu halisi wakati waandishi wanapima vicheko: upi unafika, upi unakufa, na kila kicheko kinachukua sekunde ngapi, ili mbele ya kamera mwigizaji ajue asubiri kiasi gani kabla ya kusema neno linalofuata.

SWALI: Mhariri, mimi ni mtu mzima wa Mombasa. Marehemu baba yangu alikuwa akisimulia kwamba zamani za Mwingereza walishuka bandarini Wamarekani na magari na mitambo ya ajabu kwenda kupiga picha ya sinema bara, na kwamba baadhi yao walipata mikosi mikubwa. Je, hilo lina ukweli, na lina uhusiano wowote na watu hawa wa MGM? — Msomaji wa Mombasa

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ni kweli tupu, na amri ya safari hiyo ilitoka kwenye studio ya Thalberg.

Filamu yenyewe ni Trader Horn, iliyotokana na kumbukumbu za mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza zilizochapishwa mwaka 1927. Mwongozaji W. S. Van Dyke aliletwa Afrika Mashariki mwaka 1929 pamoja na waigizaji Harry Carey, Edwina Booth na Duncan Renaldo, wakashukia Mombasa, wakapita Nairobi, wakaenda Uganda hadi kwenye maporomoko ya Murchison, na wakagusa Tanganyika na Kongo pia. Huyo Horn wa kweli alifanya biashara yake Gabon, kwenye mto Ogowe, upande wa pili kabisa wa bara. Kwa Hollywood ya wakati ule Afrika ilikuwa moja, na penye kiboko na simba wengi ndipo palipokuwa na hadithi.

Msafara ulikaa kwa miezi kadhaa. Malaria iliwalaza karibu wote, mitambo ya sauti ilifika kwa kuchelewa kwa sababu safari ilipangwa wakati filamu bubu zinazikwa, na yapo masimulizi ya watumishi wa msafara waliouawa na wanyama. Edwina Booth, aliyelazimika kuigiza akiwa amevaa kidogo sana chini ya jua letu la adhuhuri, alirudi Marekani mgonjwa, akaugua kwa miaka, akaishtaki studio, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Magazeti yalimzika mara kadhaa angali hai. Alifariki mwaka 1991.

Sasa turudi Culver City, ambako Thalberg alibaki. Kilichorudishwa kutoka Afrika kilikuwa futi nyingi mno za wanyama na maporomoko, na hadithi kidogo ya kuzifunga pamoja. Wapo waliotaka kazi hiyo ihesabiwe kuwa hasara na kufungiwa ghalani. Thalberg hakukubali. Mwandishi Cyril Hume aliletwa kuandika mazungumzo mapya, matukio mengi yakapigwa upya Marekani na Mexico, na Mutia Omoolu, Mwafrika aliyeigiza kama mbeba bunduki wa Horn, akasafirishwa hadi California ili amalizie sehemu yake. Ningependa sana kusoma maelezo ya safari ile kwa mdomo wake mwenyewe, maana Van Dyke aliandika kitabu kizima kuhusu kuja kwake huku, lakini Omoolu hakuachiwa kalamu.

Filamu ilitoka mwaka 1931, ikajaza kumbi, ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Haikuishia hapo. Picha zilizobaki za wanyama na mito zilikuwa nyingi, na studio haikutupa kitu kilicholipiwa, kwa hiyo mwaka 1932 MGM ilimchukua tena Van Dyke na Hume, ikamtafuta bingwa wa kuogelea Johnny Weissmuller, ikatoa Tarzan the Ape Man. Kwa hiyo yule Tarzan aliyewafurahisha na pengine kuwaudhi babu zetu katika kumbi za pwani alikuwa akirukia miti ya California, na mto ulioonekana nyuma yake ulipigwa picha huku kwetu. Waafrika waliomo katika filamu hizo mbili wameonyeshwa kama mandhari tu, na hilo ni deni la wakubwa wote waliozipitisha, Thalberg akiwemo.

SWALI: Nimesoma kwamba Thalberg aliiharibu filamu ya Erich von Stroheim iliyokuwa na urefu wa saa nyingi. Sasa ninyi mnamsifu. Je, hakuwa adui wa wasanii? — Msomaji wa Nairobi

JIBU: Migongano yao mashuhuri ni miwili, na katika yote miwili Stroheim ndiye aliyeumia, kwa hiyo swali lako ni la haki.

Mara ya kwanza ilikuwa Universal. Mwongozaji huyo Stroheim alikuwa amejenga mfano wa mji wa Monte Carlo kwa ajili ya Foolish Wives, picha ambayo studio yenyewe iliitangaza kuwa ya kwanza kugharimu dola milioni 1. Alipoanza kazi iliyofuata, Merry-Go-Round, akawa anatumia siku nyingi na fedha nyingi kwa mambo ambayo kamera isingeyaona, na inasimuliwa kwamba hata nguo za ndani za waigizaji wa askari zilitiwa nembo ya kifalme. Mwezi Oktoba 1922 kijana wa miaka 23 alimfukuza kazi mwongozaji mashuhuri kuliko wote pale. Kabla ya siku hiyo mwongozaji alikuwa kama nahodha baharini. Baada ya siku hiyo kila mtu Hollywood alielewa kwamba mwenye meli anaweza kumshusha nahodha katikati ya safari.

Mara ya pili ilikuwa MGM mwaka 1924, Stroheim alipokuja na Greed, filamu aliyoianza chini ya Goldwyn kabla ya kampuni kuunganishwa. Toleo lake la mwanzo lilikuwa na rili, yaani magurudumu ya mkanda wa filamu, zipatazo 42. Yeye mwenyewe alilipunguza, rafiki yake Rex Ingram akalipunguza tena, kisha studio ikalichukua na kulikata hadi kufikia rili 10, na vipande vilivyokatwa havijapatikana hadi leo. Nimeitazama hiyo iliyobaki. Hata ikiwa na makovu inaonekana kuwa kazi kubwa, na sioni jinsi ya kumtetea mtu kwa kilichopotea. Nasema tu kwamba hakuna ukumbi wa mwaka 1924 ambao ungewauzia watu tiketi ya kukaa kutwa nzima, na kwamba Thalberg huyo huyo mwaka uliofuata alimwongezea King Vidor fedha ambazo hata hakuziomba.

Kama unatafuta doa lake, mimi ningekuelekeza kwingine. Mwaka 1933, mdororo wa uchumi ulipobana, studio ziliwakata wafanyakazi nusu ya mshahara kwa wiki kadhaa, na waandishi walipojipanga kuunda chama chao Thalberg akawa miongoni mwa wapinzani wakali kabisa, akitishia hata kufunga studio. Aliona kwamba anawalipa vizuri na hakuelewa wanataka nini zaidi. Mwaka 1934 mwandishi Upton Sinclair alipogombea ugavana wa California kwa ahadi za kuwasaidia maskini, MGM ilitengeneza filamu fupi za habari za kumchafua, zikiwa na mahojiano ya kupangwa na picha za wazururaji wanaomiminika jimboni, zikaonyeshwa kwenye kumbi kama habari za kweli. Sinclair alishindwa. Thalberg anatajwa kuwa ndiye aliyekuwa nyuma ya filamu hizo, na sijakutana na maelezo yanayomtoa humo. Mtu aliyejua kuliko wote jinsi watu wanavyoamini wanachokiona gizani aliutumia ujuzi huo kudanganya wapiga kura.

SWALI: Je, ni kweli alidhani filamu zenye sauti ni mtindo wa kupita, na kwamba alikataa kutengeneza Gone with the Wind? — Msomaji wa Morogoro

JIBU: La kwanza ni kweli. Studio ya Warner ilipotoa filamu yenye sauti mwaka 1927 yeye aliona ni kitu cha muda, na MGM ikachelewa kuliko wengine. Alipobadili mawazo alibadili kwa kasi: mwaka 1929 ilitoka The Broadway Melody, picha ya kwanza yenye sauti kupata Oscar ya filamu bora. La pili linasimuliwa hivi: Mayer aliletewa riwaya hiyo mwaka 1936, Thalberg akamshauri aiache kwa kuwa filamu za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani hazijawahi kuleta faida. Ilitengenezwa na mtayarishaji David Selznick, ikawa miongoni mwa filamu zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote.

SWALI: Mhariri, kijana wangu ana ugonjwa wa moyo tangu kuzaliwa, ndiyo maana habari ya huyu bwana imenigusa. Aliishi miaka mingapi, na aliwezaje kufanya kazi nzito hivyo? — Mama msomaji, Tanga

JIBU: Mama, kwanza tunamwombea kijana afya. Watoto wa leo wenye kasoro kama hiyo wana upasuaji na dawa ambazo wakati wa Thalberg hazikuwepo, kwa hiyo usimpimie mwanao kwa kipimo chake. Daktari wake ndiye wa kumsikiliza.

Thalberg alifanya kazi kama mtu aliyeambiwa saa ya basi. Alimuoa mwigizaji Norma Shearer tarehe 29 Septemba 1927, wakazaa watoto wawili, na kwa muda baada ya harusi waliishi nyumbani kwa wazazi wake, mama Henrietta akiendelea kumwangalia mwanawe alale saa ngapi. Kufikia mwaka 1932 alikuwa kileleni. Grand Hotel, iliyotoka mwaka huo, ilitokana na wazo lake la kuwaweka nyota watano katika picha moja wakati desturi ilikuwa mmoja au wawili: Greta Garbo, John na Lionel Barrymore, Joan Crawford na Wallace Beery. Ilipata Oscar ya filamu bora bila kuteuliwa katika kipengele kingine chochote. Studio za Paramount na RKO zilikuwa zinaelekea kwenye ufilisi. MGM iliendelea kupata faida.

Wakati wa Krismasi ya mwaka huo moyo ulimshtua. Mwanzoni mwa 1933 alikwenda Ulaya kupumzika na kutibiwa, na akiwa huko Mayer na Schenck walibadili mfumo wa studio. Badala ya msimamizi mmoja juu ya filamu zote, wakaweka watayarishaji kadhaa, kila mmoja na fungu lake, na mmojawapo alikuwa Selznick, mkwe wa Mayer. Thalberg aliporudi ofisi yake ilimsubiri, ila cheo chake kilikuwa kimegawanywa. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya yake, na huenda ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini wivu na ugomvi wa kugawana faida ulikuwa umewachoma Mayer na Thalberg kwa miaka.

Watu walidhani amekwisha. Katika miaka mitatu iliyobaki alitengeneza filamu chache, mojamoja, kwa uangalifu mkubwa zaidi: The Barretts of Wimpole Street akiwa na mke wake, ile ya ndugu wa Marx, Mutiny on the Bounty iliyopata Oscar ya filamu bora ya mwaka 1935, na Romeo and Juliet ya mwaka 1936. Mwanzoni mwa Septemba 1936 alipata mafua, mafua yakashuka kifuani yakawa nimonia, na tarehe 14 alifariki nyumbani kwake Santa Monica akiwa na miaka 37. Madaktari walikosea kwa miaka saba. Siku ya mazishi MGM ilifunga milango.

SWALI: Swali fupi. Je, hata baada ya kufa hakuna filamu iliyomtaja? — Msomaji wa Dodoma (yule yule wa kwanza)

JIBU: Zipo mbili, ndugu yetu, na ukiwa na subira utazipata. The Good Earth, kuhusu wakulima wa China, alikuwa ameisimamia karibu hadi mwisho. Ilipotoka mwaka 1937 studio iliifungua kwa maneno ya kuitoa kwa kumbukumbu yake. Mwaka 1939 Goodbye, Mr. Chips nayo ilianza kwa kumshukuru. Tuzo yenyewe, ambayo umbo lake ni kichwa chake na si ile sanamu ya Oscar tuliyoizoea, ilianzishwa mwaka 1937 na wa kwanza kuipata alikuwa Darryl Zanuck. Na pale Culver City, ambapo sasa ni studio za Sony, lipo jengo la ofisi lililofunguliwa mwaka 1938 na kupewa jina la Thalberg. Yote hayo yalifanyika wakati mwenyewe hayupo tena wa kuwaambia walifute.